Mkono Uliotulia wa Marehemu Jairus Ogada

Marehemu Jairus Ogada alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Nyakach, mtoto wa tatu wa hayati Otiende na hayati Adongo. Alikuja Kericho mgongoni mwa mama yake, baba alipopata kazi ya kuchuma chai. Alisoma shule ya msingi ya shambani, kisha sekondari huko Sigowet hadi kidato cha nne mwaka wa 1976.

Mwaka wa 1978 aliajiriwa katika kiwanda kimoja karibu na Sosiot, akapanda hadi kuwa mwonjaji wa chai. Mwaka wa 1984 alimwoa Monicah, mwanamke asiyedanganyika kwa urahisi, na ni yeye mwenyewe aliyetaka hilo lisomwe.

Mwaka wa 2009 kijiko cha kuonjea kilianza kumwaga chai mkononi mwake. Daktari alisema ni ugonjwa wa kutetemeka, si pombe. Watu wakasikia pombe tu. Mambo yaliharibika zaidi kwenye sherehe ya mahari ya mpwa wake mwaka wa 2015, alipokaribishwa busaa kidogo, ile pombe ya nafaka, akaionja kwa heshima, na mikono ikatulia kabisa, kwani ugonjwa huo hutulizwa na pombe kidogo. Tangu siku hiyo kila mtu akawa mjuzi: Ogada akitetemeka yuko sawa, akitulia amelewa. Kanisa likamwondoa kwenye kugawa kikombe cha Meza ya Bwana, na Monicah akaanza kumnusa kila jioni.

"Baba Dolphine, hebu pumua."

"Ni chai tu, mama."

"Chai gani hiyo inanyamazisha mkono?"

Mwaka wa 2022 binti yao Dolphine, ambaye ni muuguzi, alimpeleka India. Huko madaktari hutumia mawimbi ya sauti yanayopenya fuvu bila kupasua na kuchoma sehemu ndogo ya ubongo inayotikisa mkono. Alinyolewa kipara, na Monicah akalia kwenye simu, kwani kwao mtu hunyolewa akifiwa. Kisha picha za kichwa zikaonyesha kwamba tabaka la kati la mfupa wa fuvu lake, lile lililo kama sponji, ungetawanya mawimbi kabla hayajafika.

Marehemu aliwatazama kwa jicho la pembeni. "Yaani nimetoka Kericho mpaka hapa mniambie kichwa yangu ndio mbaya?"

Walimweleza kwamba mafuvu ya watu hayafanani, na lake lingehitaji nguvu zaidi, tena huenda wasifaulu. Alikubali. Kichwa kilimuuma vibaya, lakini mkono wa kulia ukatulia.

Alirudi kanisani kwa furaha, akapokea kikombe cha Meza ya Bwana, akakiinua kwa mkono mmoja. Halikumwagika hata tone. Mzee Kipkurui akamnong'oneza palepale, "Ogada, si ungebaki nyumbani kama umetumia kitu?" Dolphine alieleza habari za fuvu mpaka akachoka. Marehemu hakurudishiwa kazi ya kugawa kikombe.

Januari 2025 alishikwa na nimonia. Jioni ya tarehe 2 Februari, hospitalini Bomet, Monicah aliinama usoni pake kusikiliza kama bado yuko. Marehemu alidhani anataka kumnusa. Alifungua mdomo, akampumulia kwa shida ili aridhike. Hakuvuta pumzi nyingine.

Na ninyi mnaonong'ona nyuma ya hema kwamba ameuawa na ile mashine ya India: ni mapafu.

Ameacha mjane, Monicah; watoto, Dolphine na Jackton; na wajukuu wanne. Mjane ameomba lisomwe kwa sauti, Mzee Kipkurui akiwapo: Jairus hakuwa mlevi. Sasa tumwacheni apumzike kwa amani.