Mzee Yotham na Gari Jekundu la Tabo

Tarehe 30 Juni 2002, Mzee Yotham Chidawali, msimamizi wa karakana ya idara yetu hapa Dodoma, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike mema yake. Nimeyaandika, na hili la gari nimeliongeza kwa idhini yake mwenyewe.

Alianza kazi enzi ambazo idara ilikuwa na gari moja, na lenyewe likisubiri spea. Baadaye milango ya biashara ikafunguliwa, magari ya mitumba ya Japani yakamiminika, na kila karani akaanza kuota usukani. Hapo Mzee Yotham akapata kazi ya pili isiyo na mshahara: hakuna mtumishi aliyethubutu kununua gari kabla yeye hajalikagua.

Kwa magari ya tabo, yaani yenye kile kifaa kinachoipulizia injini hewa ya ziada ili ikimbie kama imetukanwa, alikuwa mkali kuliko padre wakati wa Kwaresima. Gari likaguliwe asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukikuta boneti ina joto, ujue muuzaji amewahi kuliwasha ili afiche jambo. Liwashwe, liachwe lingurume taratibu, kisha likanyagwe: ukiona moshi wa bluu, injini inakunywa oili. Na muuzaji anayezima ghafla baada ya mbio, bila kuiacha tabo ipumue, huyo ameshaiua, anatafuta wa kuizika. Kwa kanuni hizo alimkatalia Bwana Castory wa masijala gari baada ya gari, hadi Castory akarudia baiskeli.

Mwaka 1999 gari jekundu la milango miwili likaegeshwa mtaa wa Kikuyu, hapa hapa mjini, likitafuta mnunuzi. Mzee Yotham alisema anapita kulitazama tu. Mimi na fundi Abeli tulifuatana naye. Ilikuwa alasiri, na mwenye gari, Bwana Bartolomayo kutoka Dar es Salaam, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kulizungusha mjini.

"Mzee, boneti ina moto," Abeli alisema.

"Dodoma nzima ina moto, Abeli."

Likawashwa, likakanyagwa. Moshi ukatoka.

"Mzee, ule si wa bluu?"

"Vumbi," akajibu. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuupapasa usukani.

Alipolifikisha nyumbani Ipagala, mkewe, Bi Loisi, alilizunguka, kisha akachungulia ndani. "Baba Brightness," akasema, "mimi na watoto wote hawa tunakaa wapi?" Tangu siku ile, tabo yeye huitamka "taabu", na hakuna aliyejaribu kumsahihisha.

Haukupita muda, Brightness, binti yao wa kwanza, akawa anaolewa kijijini Haneti, kwa kina bwana harusi. Mzee akatangaza kwamba bibi harusi atapelekwa kanisani na baba yake, ndani ya gari jekundu. Sisi wengine tukafuata kwa lori la kukodi, pamoja na kwaya.

Kwenye mwinuko kabla ya Haneti, tabo ilipiga mluzi kama refa aliyekasirika, kisha ikanyamaza. Tulipowafikia, moshi ulikuwa umetanda barabarani. Brightness alikuwa amesimama kando, ameshika shela lisiburute. Baba yake alikuwa chini ya gari, na suti yake ya harusi.

"Likipoa litawaka," alisema kutoka kule chini. "Nyie tangulieni. Mjomba wake atamkabidhi."

Sote tulimwelewa. Gari likiachwa pale peke yake, jioni asingelikuta zima. Brightness ndiye aliyeinama, shela likagusa vumbi.

"Baba, mimi siolewi mara mbili. Toka, upande lori."

Kisha vikatokea viatu, suruali, na mwisho Mzee mwenyewe, oili hadi kwenye viwiko. Akapanda, akaketi kati ya waimba sauti ya pili, asigeuke nyuma. Kanisani alimshika binti yake mkono, akamkabidhi. Kwenye picha zote za harusi ile, glavu nyeupe ya Brightness ina alama za vidole vyeusi, na mwenyewe hakutaka kuivua.

Tuliporudi jioni, redio na matairi vilikuwa vimeshaondoka bila kuaga.

Tangu hapo, mtu akimfuata kuhusu gari, Mzee humwuliza kwanza, "Umeshalipenda?" Akisikia ndiyo, humwambia, "Basi nenda na Abeli. Mimi nitakuonea huruma, niuite moshi vumbi."

Mzee Yotham, asante kwa magari yote uliyotukataza. Wengi wetu mpaka leo tunakwenda kazini kwa miguu, na afya zetu ni njema. Mungu akupe wewe na Bi Loisi uzee mtamu, wenye nafasi ya watu wote.