Kanisa la Kalenda

Pale Makutano, ubavuni mwa duka la mabati, pana benchi refu lililochoka kama wanaolikalia. Wakulima wa kahawa huku Meru hunywa chai. Kahawa huipeleka kiwandani na kuisahau. Ila Celina, mjane mwenye jiko la makaa na birika moja jeusi, aliamua bei ilipoanguka kwamba kama zao halilipi, basi angalau linyweke. Akatia tangawizi, akauza, na benchi likapata wenyewe. Jumapili hiyo baada ya misa walikuwapo watatu. Mwalimu Njagi, mtu wa Embu, alifundisha historia mpaka akastaafu, na bado anafundisha. Mutembei waliyemwita Roma aliwahi kwenda kuhiji huko siku kumi, na siku hizo kumi zimemtosha kuzungumza miaka kumi na minne. Wa tatu alikuwa Mithika, fundi wa mawe, ambaye hakuwa na hamu ya kuzungumza na mtu yeyote.

Hamu hiyo aliiacha kanisani. Padri alikuwa amesoma tangazo la kamati: kanisa la mawe libomolewe, lijengwe kubwa zaidi. Kanisa hilo Mithika alilijenga mwaka wa pili baada ya uhuru, akiwa kijana, chini ya bruda mmoja, mtawa Mtaliano, na tao la mawe lililo mbele ya altare ni kazi ya mikono yake. Sasa Roma, mwanakamati, alikuwa ametumwa kwake. Kesho asubuhi vijana watakuja na mitaimbo, na kamati inataka fundi awaonyeshe jiwe la kutoa kwanza, ili tao lishuke taratibu na mawe yatumike tena. Akikataa, vijana watabahatisha, na tao halibahatishwi, litaua mtu. Akikubali, amelizika mwenyewe. Jibu lilitakiwa kabla kahawa haijaisha.

— Fundi, sema tu ndio, alisema Roma. Ni kazi ya dakika kumi.

Mithika alipuliza kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa. Alichoka kukasirika. Tangu mwaka jana alikuwa amekasirika katika mikutano sita, na kila mkutano ulifungwa kwa sala.

Roma akafungua kalenda aliyokuja nayo kwapani. Iliachwa na mgeni mmoja kutoka ng'ambo, na kila mwezi ulikuwa na picha ya kanisa au jumba la mfalme wa Ulaya. Kamati ilikuwa imechagua: mnara wa Januari, madirisha ya Aprili, kuba ya Agosti, vyote juu ya kanisa moja.

— Na ukuta? aliuliza Mwalimu Njagi.

— Ukuta ni ya Oktoba. Lakini Oktoba Celina alifungia njugu.

Celina hakukana. Alisema kalenda iliachwa kwake kwanza, na mwezi wenyewe ulikuwa umeisha.

Hapo Mwalimu akapata darasa. Aliwaeleza kuwa zamani Ulaya walijenga kuta nene, madirisha madogo na matao ya mviringo, kwa sababu ukuta ndio uliobeba paa. Baadaye wakalichonga tao kwa ncha, uzito ukashukia nguzo, na nje wakaweka nguzo nyingine za kuegemea, ndipo ukuta ukapata nafasi ya vioo vya rangi. Mpaka hapo alikuwa sawa, na Mithika aliitikia kwa kichwa. Kosa la Mwalimu ni kwamba hajui pa kuishia.

— Sasa hizo vioo zilianza hivi, aliendelea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wao nyufa zilikuwa mingi, wakaona badala ya kujenga ukuta, wacha tuweke kioo.

— Hiyo methali si ya hapo, alisema Celina.

— Methali ni kama jembe, mama. Inalima popote.

Roma alikohoa, kwani yeye alifika huko Ulaya.

— Mimi niliambiwa kule kule. Ile ncha ni ya dhambi. Dhambi za watu zinapanda, zikikuta paa iko bapa zinawarudia. Kwa ncha zinateleza, zinaangukia jirani.

— Ndio maana majirani walikasirika wakaanzisha kanisa yao, alisema Mwalimu.

— Na ile kuba wametuibia, alisema Roma. Angalia vizuri. Hiyo ni nyumba ya nyanya yangu, wameongeza tu dhahabu.

— Na mfalme wa Ufaransa aliweka vioo ukuta mzima ndani ya jumba lake, ndio aone nani ako nyuma yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Sasa huyo aliinama wapi? aliuliza Celina.

Siku nyingine Mithika angecheka mpaka kofia ianguke. Leo maneno yalimpita tu. Alikuwa akimwaza Igoki, mjukuu wake, anayeimba kwaya chini ya tao kila Jumapili, na ambaye kamati ilikuwa ikimtafutia mnara wa Januari wa kuimba chini yake.

Mama mmoja akaja akaomba kikombe. Aliitwa Wambeti, ametoka Gachoka kumwona binti yake shuleni Kaaga, na alikuwa akingoja gari la kurudi. Wakasogea kumpa nafasi, na Roma hakuchelewa kumwonyesha kanisa lijalo, mwezi kwa mwezi.

— Hii yote italetwa na huyu fundi akitusaidia dakika kumi.

— Ilichukua mwaka mzima, alisema Mithika.

Wote wakamgeukia.

— Hiyo tao. Tulijenga juu ya mbao, tukaiacha na mbao wiki nyingi. Siku ya kuzitoa Bruda akasema, aliyejenga ndio anasimama chini. Akanishika mkono, tukasimama sisi wawili. Mbao zikatoka. Vumbi ikaniangukia hapa kwa bega, basi. Ikakaa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nililia mbele ya watu.

Wambeti alikunywa funda moja. Alitazama kalenda iliyokuwa mapajani mwa Roma, kisha akauliza kwa upole, kama anayeuliza njia.

— Na huu mnara, wazee, siku ya kutoa mbao, nani atasimama chini?

Roma akageuza Januari kuangalia nyuma yake, nako kulikuwa na Februari. Mwalimu Njagi alitafuta methali, na kwa mara ya kwanza tangu benchi hilo liwekwe, hakuipata hata isiyofaa.

Celina aliinamisha birika. Lilitoa tone moja na tangawizi.

— Imeisha, alisema.

Mithika akaweka kikombe chini, akasimama kwa shida, mkono mmoja kiunoni. Uchovu haukuwa umemtoka, lakini hasira haikuwamo tena.

— Mutembei, waambie kamati hivi. Yule atakubali kusimama chini ya huo mnara, aje kwangu asubuhi. Huyo nitamwonyesha jiwe.

— Na asipokuja mtu? Vijana si watakuja?

— Waje. Watanikuta nimekaa chini ya tao yangu. Nishasimama hapo mara moja, sioni ugumu.

Akaenda zake akivuta miguu. Wambeti akamshukuru Celina kwa kahawa. Celina aliokota kikombe cha fundi, akakipangusa, akamwambia Roma bila kumtazama:

— Si wewe ni mwanakamati. Anza na wewe.

Roma aliinua kikombe chake, ambacho hakikuwa na kitu, akanywa kwa muda mrefu.