Televisheni ya Ngosha na Macho ya Watu

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la Maige pale Kirumba, kwenye njia ya kushukia soko la samaki la Mwaloni, basi umesoma bure. Kahawa ni ya Maige, elimu ni ya wote. Jioni ile ya kuamkia Krismasi tulikuwa na kesi ya Ngosha. Tangu wenye viwanda vya minofu waanze kugombania sangara, Ngosha, ambaye ni mvuvi, amepata vijisenti, na mwaka jana alinunua televisheni, ya kwanza mtaani kwetu. Krismasi ilipofika alirudi kutoka kanisani akakuta nyumba imejaa, hata kiti chake kimekaliwa. Vichekesho akaviangalia kupitia dirishani, amesimama nje na sahani ya pilau mkononi, huku mkewe Evelina akishinda jikoni kuwachemshia watazamaji chai. Mwaka huu Ngosha anataka kitu kimoja tu: akae na mkewe na wanawe, anyooshe miguu, aangalie televisheni yake. Na hataki kuitwa mchoyo.

— Evelina kaniambia ikiwa vile tena, mwakani Krismasi anakula kwao Nansio, — alisema. — Mnishauri, jamani.

Ndalahwa, tunayemwita Bandari kwa sababu aliwahi kubeba mizigo bandarini mpaka mgongo ukakataa, aliweka kikombe chini.

— Wazuie, ni haki yako. Kioo cha televisheni kinachakaa kwa macho ya watu. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Methali hiyo si ya hapo, — Maige akamwambia.

— Kwani macho hayachovyi?

Okeyo, ambaye ni Kocha ingawa hatujawahi kuiona timu yake, akashauri antena ishushwe. Watu wakiona bati tupu, watajua hakuna kitu, watarudi makwao. Ngosha akauliza sasa yeye ataona nini bila antena.

— Utaona chenga. Lakini utaziona kwa amani.

Bandari akasema bora atangaze kuwa watoto wana surua. Ngosha alikataa kabisa, hawezi kuwazulia wanawe ugonjwa siku ya kuzaliwa Bwana.

— Basi pakia kwenye mtumbwi, — Bandari akasema. — Televisheni, betri ya gari, Evelina, watoto. Antena unaifunga kwenye mlingoti. Ukishafika katikati ya ziwa, nani atakuja kukupigia hodi?

— Kiboko, — Kocha akasema.

— Kiboko haombi chai.

Tulicheka mpaka Maige akamwaga kahawa. Ngosha hakucheka. Aliuliza, tena kwa sauti ya chini, betri ya gari inaweza kukaa na moto muda gani. Ndipo nikajua jambo hili linamuuma kweli, na mimi likaniuma kidogo.

Wakati huo akatokea Paskazia, mdogo wake Evelina, kashuka kwenye meli ya Nansio na jogoo kwapani. Alikuja kuchukua ufunguo kwa shemeji yake, maana Evelina alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Akatusalimia shikamooni, tukamsogezea nafasi, Maige akampa kahawa. Ngosha akamsimulia yote, tangu kiti mpaka kiboko. Sisi tulikuwa tunatikisa vichwa kwa masikitiko.

— Pole, shemeji, — Paskazia akasema. — Kumbe una majirani wa hivyo.

Kisha akatugeukia sisi, bila ubaya wowote.

— Na nyie kaka zangu, kesho mtaangalia kwa nani?

Bandari akainua kikombe akanywa, na kikombe kilikuwa kitupu. Kocha akaanza kumsifia jogoo, halafu akaacha. Ngosha alitutazama mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayejaribu kukumbuka visogo alivyoviona mwaka jana kupitia dirishani. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala.