Maneno ya Mwisho ya Mashine

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Maji, wakuu wa idara, mafundi wote, majirani mliokuja na ndoo zenu kwa mazoea, na wewe mwenye shughuli, fundi wetu wa kompyuta unayestaafu leo: salamu kwenu nyote.

Wengi hapa mnamwita Usiguse. Jina hilo amelipata kwa haki. Kila mara kompyuta inayoongoza pampu ilipoganda, alishuka ngazi mbio akipiga kelele, "Usiguse!" Na kila alipofika, mtu alikuwa amekwisha kubonyeza kitufe.

"Tumekusaidia, dada, imeshaamka!"

Naye hushika kiuno. "Imeamka, lakini imesahau. Sasa nimuulize nani?"

Nivumilieni nieleze kidogo. Nilimfundisha mimi, na ualimu haujanitoka. Kompyuta ikianguka, sababu huwa bado imo katika kumbukumbu yake ya muda. Ukiiwasha upya, kumbukumbu hiyo hufutwa. Ni kama mtu aliyezirai: akizinduka unamuuliza kilichompata, naye anakuuliza wewe.

Na mashine ikikosa la kusema, watu huisemea. Mabomba yalikauka mtaa mzima, lawama ikamwangukia mwendesha pampu, mzee wetu yule mwenye shati la kijani. Eti anasinzia, eti anaizima makusudi apumzike. Barua ya kumwachisha kazi ilibakia kutiwa sahihi tu. Angejitetea kwa lipi, ilhali shahidi wake pekee hufutwa akili kila anapoamshwa?

Hapo Usiguse akaacha kugombana na vidole vyetu. Alitenga pembe ndogo ya kumbukumbu, akauagiza mfumo wa uendeshaji usiiguse hata mashine ikiwashwa upya, mradi umeme usikatike. Mashine ikielemewa, huandika humo maneno yake ya mwisho. Ikiamka, huyahamishia kwenye diski yasipotee tena.

"Sasa guseni mpaka mchoke," akatuambia.

Tuligusa, na mashine ikasema. Kilichoiangusha ni programu ya mita mpya, kila mara pampu mbili zilipoanza kwa pamoja. Na mita ile aliichagua nani? Mheshimiwa Mkurugenzi, usitazame dari! Nakusifu mbele ya watu, kwa kuwa uliyasoma maneno yale, ukaichana barua, ukashuka mwenyewe hadi chumba cha pampu.

"Mzee wangu, nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu, ila mita yako uondoke nayo."

Leo tunazindua kompyuta mpya, na pembe ile imo. Utepe wa kukata hatukununua. Kitufe atakibonyeza mwendesha pampu, ambaye tangu siku zile hakipiti kitufe chochote bila kuficha mikono nyuma.

Nawashukuru kwa masikio yenu na kwa vicheko vyenu. Mzee, sogea mbele. Nawe fundi wetu, kabla hujaenda kupumzika, mwambie neno lile ulilotunyima miaka yote.

Haya, sema: "Gusa!"