Sindano za Fahadi

Sogeeni wanangu, na wewe wifi yangu Hadija usikae mlangoni, haya yanakuhusu kuliko wote. Pumzi imebaki kidogo na sitaki kuimalizia kwenye kilio.

Nyumba na michikichi ya Gatete mtagawana kama dini inavyosema. Mashine ya kukamua mawese imo ndani ya theluthi yangu ninayoruhusiwa kumwusia nimtakaye, na juu yake nisikilizeni vizuri.

Miaka yote hii mkwe wangu Asma ameitwa tasa humu ndani, na wifi yangu ameshamchagulia mwanangu Fahadi mke mwingine. Fahadi hakuulizwa na mtu, maana nani angemshuku mwanaume anayenyanyua pipa la mawese peke yake? Kumbe yeye na wapagazi wenzake wa bandarini walikuwa wanajidunga sindano za kutunisha misuli, na mtoto alipochelewa akaziongeza, akidhani anaongeza uanaume. Asma ndiye aliyemburuta kwa daktari Bujumbura, nami nikawasindikiza. Daktari akasema, "Mama, kifua hiki ni cha fahali, lakini kwenye darubini sijaona mbegu hata moja."

Akatueleza kwamba ubongo hutuma homoni kwenye damu, ziziamuru korodani zitengeneze mbegu. Ukidunga homoni ya kiume kutoka nje, kama iliyomo kwenye sindano zile, ubongo unaona imejaa tele, unanyamaza, na korodani zinalala. Nilielewa upesi: mapipa yangu yakijaa, hata mimi siwaiti wakataji wa chikichi.

Inua kichwa, Fahadi, hujaua mtu. Ameziacha zile, sasa anadungwa nyingine zinazoziamsha korodani kwa niaba ya ubongo, na safari hii mbegu chache zimeonekana, zinaogelea. Aliimba njia nzima ndani ya basi mpaka abiria wakauliza kama anakwenda kuoa. Daktari hakuahidi mtoto, na mimi siahidi.

Nipeni maji kidogo.

Haya. Yule binti aliyechaguliwa apelekewe salamu, aolewe kwingine. Fahadi, tiba usiikatishe. Mashine ni ya Asma, mtoto aje au asije, na ukimchoka utaondoka wewe, mashine itabaki.

Asma, ufunguo wa mashine huu hapa shingoni mwangu. Njoo uuvue mwenyewe, shangazi yenu akiona. Polepole... kamba inakwaruza. Basi. Mwenyezi Mungu awape afya, awape na... vicheko. Nendeni mkaiwashe, niisikie.