Fundi Aliyesubiri Injini Ipoe

Ndugu, jamaa na majirani, familia imemteua mdogo wa marehemu, dereva wa gari la zahanati, awasomee maisha ya kaka yake, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Sikio, kwa kuwa alizitegea sikio injini kuliko alivyowategea watu.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa pili wa seremala na mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, akahitimu ufundi wa magari Novemba 1978, na mwaka uliofuata akaanza kazi katika gereji iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, ambayo baadaye ilikuja kuwa yake. Tarehe 16 Agosti 1986 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, baada ya kuliita gereji gari la baba mkwe mara nne wakati halina ubovu wowote, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume, na wote watatu hawataki hata kuiona grisi.

Yapo ya tarehe 9 Juni 2014, ambayo hayawezi kurukwa. Saa nane mchana mdogo wake alimpelekea gari la zahanati lililokuwa likigonga, mafundi wawili wakiwa wamesema ni valvu, naye marehemu akashuku kile kidude kinachoikaza cheni ya taimingi, ile inayoziendesha valvu kwa mpangilio, ila akaeleza kwamba injini ikiwa ya moto oili hukisukuma na kelele hujificha, hivyo gari libaki hapo lisikilizwe asubuhi likiwa limepoa, kwani cheni ikiruka injini huzima palepale. Ng'ambo ya mlima alikuwa akisubiriwa mama mwenye uchungu wa kujifungua. Mdogo mtu akamjia juu mbele ya wateja, akasema mama wa watu hawezi kufa kwa sababu ya kelele, wakagombania ufunguo hadi shati la marehemu likachanika, marehemu akautia mfukoni, akajibu kwa sauti ya chini kwamba mlima ule hampandishi mtu kwa gari asilojua hali yake. Ikaenda teksi, ikachelewa kwa saa mbili, mama akajifungulia kiti cha nyuma, mtoto akatoka kimya, na zikapita dakika nyingi kabla hajalia.

Mdogo akapewa barua ya onyo na zahanati, akaapa kutokanyaga gereji ile, na marehemu alipotuma ujumbe kwamba amekifungua kidude na kukikuta kimekwisha kabisa, hakujibiwa. Kwa karibu miaka tisa salamu zao zilipitia kwa shemeji.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2021, akalazwa mara tatu, mdogo wake akafika wodini mara mbili na kuishia kuuliza habari za chakula, na marehemu akafariki tarehe 2 Mei 2023, saa tano asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake waliofunga gereji zao leo. Mdogo wa marehemu naye ana lake. Asubuhi ya tarehe 10 Juni 2014 alikwenda gereji, akasimama nje ya geti, akasikia gari likiwashwa na cheni ikigonga kifuniko cha injini kwa sekunde tatu nzima, akajua kaka yake amesema kweli, akageuka akaondoka, na akawaacha watu waseme kwamba ukaidi wa fundi nusura uue mtoto.

Kaka, nilisikia. Sasa upumzike.