Uzi wa Fundi Timazi

Wasikilizaji wapendwa, bibi yenu nipo. Haya nimesimuliwa juzi Jumanne, saa nne asubuhi, na mjane mwenyewe, akiwa amekaa kitandani na soksi za marehemu mapajani. Tunamkumbuka mumewe, fundi mwashi. Kazini walimwita Timazi, jina la kile kipimo cha wima wa ukuta, kwa kuwa kuta zake hazikuinama hata unywele.

Timazi hakuwa mnywaji. Narudia, maana wapo wenye masikio ya mapambo. Hakunywa pombe.

Miaka mitano iliyopita alikuwa akijenga ukuta wa ghala. Akashuka ngazi, akayumba. Akataka kusema, ulimi mzito, maneno yanagongana. Akatapika. Mtu mwenye akili angeita gari. Pale palikuwa na nyapara. Nyapara akamnusa mdomo, hakusikia harufu ya pombe, na bado akatangaza mbele ya vibarua wote: "Mlevi huyu! Kalale, na ukizinduka usirudi."

Ule ukuta sasa. Udongo wake ulikuwa bado mbichi, nao umesimama wima. Mafundi kumi, kila mmoja na pima maji yake, na hakuna aliyejiuliza ni mlevi gani amejenga hivi nusu saa iliyopita. Walikuwa wanacheka.

Wakamrudisha nyumbani kwenye toroli la matofali. Mkewe akamlaza. Akaja kaka wa Timazi, naye akainama kunusa. Kumbe ni ukoo wa wanusaji!

"Shemeji, mwache tu," akasema. "Zitamtoka."

"Zitamtoka nini? Mtu hanywi."

"Wanaume wana siri, shemeji."

Siku mbili zikapotea hivyo, Timazi ameshika kingo za kitanda kama kitanda kinataka kumtupa. Siku ya tatu mkewe akasema, "Shemeji, kama gari huliiti, nipishe mlangoni." Akaliita mwenyewe.

Daktari akaeleza. Damu iliyoganda ilikuwa imeziba mshipa wa sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayoshika mizani ya mwili. Ndiyo maana aliyumba, ndiyo maana ulimi ulikuwa mzito. Kisha akauliza, "Mlikuwa wapi siku mbili?" Mkewe akamtazama shemeji. Shemeji akatazama viatu vyake.

Wapendwa, mtu akiyumba ghafla na ulimi ukamlemea, hospitali saa ile ile. Nimesema saa ile ile. Pua zenu zipumzisheni.

Dada wa mazoezi pale hospitalini akampa kazi ya kila siku. Simama, miguu pamoja. Tazama kidole gumba, geuza kichwa kushoto, geuza kulia. Tembea juu ya mstari, kisigino kikigusa vidole. Timazi akautoa uzi wake wa kujengea, akaulaza sakafuni, kutoka mlango wa mbele hadi chumbani, msumari huku na msumari kule. Akaanza kuufuata.

"Mama watoto, nishike."

"Sikushiki. Niko nyuma yako, utadakwa ukianguka."

"Na nikivunja pua?"

"Pua hiyo? Hata ikivunjika itabaki ya kutosha."

Miezi minane, wasikilizaji. Miezi minane ya kuanguka, kutukana ukuta na kuanza upya. Kisha asubuhi moja akaumaliza uzi wote bila kugusa kitu. Hakushangilia. Alisema, "Nyapara aje aone." Hilo tu ndilo alilotaka, yule aliyemwita mlevi amwone akitembea. Alimtumia ujumbe mara tatu. Nyapara hakuja. Mara ana kazi, mara ana mgeni. Miaka ikaenda. Timazi akijenga vibaraza vya majirani, na kila asubuhi anapita juu ya uzi wake, anamsubiri mtu asiyestahili hiyo subira.

Wiki iliyopita nimonia ikamchukua. Hapo ndipo nyapara alipopata nafasi! Alikuja na shati lililopigwa pasi, akasimama sebuleni mbele ya waombolezaji. "Marehemu alikuwa nguzo yetu," akaanza, kisha akaangalia chini. "Jamani, toeni huu uzi, watu watajikwaa."

Mjane akainuka. "Utatolewa. Utembee juu yake kwanza. Kisigino kwa vidole. Kichwa kushoto, kichwa kulia."

"Mama, huu ni msiba."

"Najua. Ni wangu. Tembea."

Nyapara akaenda hatua moja, mbili, tatu, akageuza kichwa, akaenda mrama hadi akakumbatia kabati. Mjane akamfuata pale pale. Akamnusa mdomo, taratibu, mbele ya watu wote.

"Hajanywa," akasema. "Haya, mpeni kiti."

Poleni mke na watoto, poleni ndugu, hata wewe mnusaji, shemeji. Na kila anayenisikia ajiulize yeye mwenyewe amewahi kumwita nani mlevi bila kumuuliza anaumwa nini.

Wageni walipoondoka alasiri ile, mjane aling'oa msumari wa mlangoni, kisha wa chumbani. Akausokota uzi taratibu, akauweka chini ya mto wa mumewe. Akajilaza upande ule ule, miguu pamoja, akalala.